Waya wa Tatu Kwenye Mukau

Kwa miezi kumi na minne, kila Jumamosi saa kumi jioni, Kimeu aliwasha redio yake, akasema maneno mawili, akaizima. Maneno yenyewe yalikuwa "Nimekupata, asante." Mengine yote aliyasema Hemedi, rafiki yake wa Kyuso, kaskazini mwa Kitui, karibu kilomita mia mbili kutoka kwa Kimeu pale Kasikeu, Makueni, na Hemedi hakuwa mtu wa kuishiwa na la kusema. Alisimulia habari za ndengu zilizonyauka kabla ya kutoa maua, za mbuzi aliyekula kandambili za imamu, za magoti yake mawili yasiyosikilizana. Kimeu alikaa na maikrofoni mapajani, chai ikipoa mezani. Mara nyingine upepo ulivuma, sauti ya Hemedi ikazama katikati ya neno, ikapotea dakika nzima, kisha ikarudi ikiwa kwenye habari nyingine kabisa. Kimeu hakumwomba arudie. Kilichopotea alikiacha kipotee.

Msimdhanie kuwa alikuwa mvivu wala mwenye kiburi. Kabla ya hapo Kimeu alikuwa mtu asiyeweza kupita penye nguzo iliyopinda akanyamaza. Alifanya kazi ya simu zile za nyaya miaka ishirini na sita, akipanda nguzo kutoka Salama mpaka kwao, na simu za mkononi zilipoingia, yeye na wenzake wakashukuriwa kwa utumishi wao na kuonyeshwa lango. Alirudi nyumbani na mkanda wake wa kupandia na ukaidi wake wote. Alinyoosha milango ya kanisa. Alinyoosha ua wa jirani bila kuombwa, na jirani akakaa wiki mbili bila kumsalimia. Hemedi alikuwa wa kikosi hichohicho, mzaliwa wa Mwingi ambaye babu yake alitoka pwani na mizigo ya nguo, akaoa, akabaki. Walipoachishwa kazi siku moja, wawili hawa waliona uchungu kuacha kuzungumza kupitia vyombo walivyovijenga kwa mikono yao, wakasomea leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu. Wake zao waliwaona wamepotewa na akili, na hawakuficha.

Mlingoti Kimeu aliusimamisha mwenyewe nyuma ya nyumba. Ulikuwa wa vyuma vya pembe tatu vilivyoungwa kipande juu ya kipande, mita kumi na tano kwenda juu, ukishikiliwa na nyaya tatu zilizoshuka kutoka karibu na kileleni hadi kwenye vitako vitatu vya zege. Watu wa kazi ile nyaya hizo huziita stei. Kule juu kabisa ililala antena, chuma kirefu chenye vijiti kama uti wa samaki, ikielekea Kyuso. Antena ya namna hiyo hutupa sauti kama tochi itupavyo mwanga, mbele tu. Ukiigeuza kidogo, aliyekuwa mbele yako anabaki gizani.

Stei ya tatu ilikatiza njia ambayo Kalunde, mke wa Kimeu, aliipita kila asubuhi kwenda kwenye tangi la maji. Pale waya ulikuwa chini, umekaribia kitako chake, na mtu mwenye ndoo kichwani hawezi kuinama. Kwa hiyo Kalunde alizunguka. Alizunguka miaka kumi na saba. Mara moja kwa mwaka hivi alimwomba mumewe ausogeze hatua chache tu, na kila mara Kimeu alimweleza, kwa ule upole wa mtu anayejua kwamba ana haki, kuwa stei tatu lazima ziachane sawasawa, na kwamba ukisogeza moja tu, mlingoti mzima utaanza kujisokota.

"Basi wacha nijisokote mimi," Kalunde alikuwa akisema, na kuzunguka.

Mwaka jana mwezi wa Juni, baada ya kukamua ng'ombe na kabla chai haijachemka, Kalunde aliketi kwenye kizingiti cha jikoni, na hakuinuka tena. Daktari alisema ni presha. Mazishi yalikuwa makubwa, kwaya mbili na hema tatu, na Hemedi alisafiri kutoka Kyuso akasimama na wanaume wa ukoo mpaka udongo ukaisha kurudishwa. Kimeu hakulia. Watu walimsifu kwamba ni jasiri, kwamba imani yake ni ya mwamba, na mchungaji akamtaja kwenye mahubiri. Walimsifu kwa kitu ambacho hakikuwepo. Hakuwa jasiri, alikuwa hahisi kitu. Alikuwa kama taya lililodungwa ganzi na daktari wa meno, halafu daktari akaenda zake bila kung'oa jino. Alisubiri ganzi iishe aumie kama watu wengine. Mwezi ukapita, miezi ikapita, akazoea.

Kaburi lilikuwa upande wa tangi, hatua mbili kutoka kwenye kitako cha stei ya tatu. Wiki moja baada ya mazishi, Kimeu alichungulia dirishani akaona waya ule hauko mahali pake. Ulikuwa umefunguliwa kwenye zege na kuhamishwa hatua tisa hivi, ukafungwa kwenye mti wa mukau uliokuwa umeota pembeni. Alielewa mara moja. Vijana wa hema walikuwa wametaka nafasi, wakaufungua, wakaufunga popote, wakaenda zao. Alimpigia simu mwanawe Muindi, aliye Nairobi, akamlalamikia juu ya vijana wa siku hizi kwa sauti isiyo na hasira yoyote. Muindi alisema atakuja kuurudisha. Hakuja, na Kimeu hakumkumbusha. Upande ule wa boma aliacha kwenda. Maji aliyachota kwenye bomba la mbele, na kaburi lilifagiliwa na Ndila.

Ndila alikuwa dada ya Kalunde, mjane pia, aliyeishi ng'ambo ya kijito. Tangu mazishi alikuja mara tatu kwa wiki na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na maneno ya kutosha kijiji kizima. Alimweleza Kimeu nani ameoa na nani amekosana na kamati ya maji, akamtazama akila, akaosha vyombo, akaenda. Kimeu alishukuru kila mara. Akiulizwa chakula kilikuwaje, alisema kitamu.

Basi Jumatatu moja ya mwezi huu wa Agosti, Nasima, binti ya Hemedi, alimpigia Kimeu simu. Alimwamkia kwa adabu, akauliza ng'ombe, akauliza Muindi, kisha akasema lililomfanya apige. Baba yake alikuwa na uvimbe kooni. Jumatatu ijayo angefanyiwa upasuaji Nairobi, na madaktari wangekitoa kisanduku cha sauti chote. Kupona, walisema, angepona. Kusema, hapana. Nasima alikuwa amemshauri aongee na rafiki yake kwa simu, polepole, wakati wowote anaotaka, lakini mzee alikataa kabisa. Alisema simu ni ya kuulizia bei ya ndengu. Sauti yake ya mwisho ingepitia pale ilipozoea kupita, Jumamosi saa kumi.

"Na amenituma neno moja," Nasima alisema. "Anasema, mwambie akaze huo mlingoti wake. Anasema kila upepo ukivuma unampoteza, na Jumamosi hii hataki kupotezwa."

Kimeu alimwambia amesikia. Alipoweka simu chini alitafuta ndani yake mahali pa kuiweka ile habari, na hakupaona. Rafiki wa miaka arobaini alikuwa amebakiza siku tano za kuongea naye, na yeye alisimama jikoni akitazama inzi. Alijua kwamba inapasa kuuma. Alilijua hilo kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajawahi kufika. Kitu kimoja tu alikuwa na uhakika nacho, kwamba ameombwa kazi, na kazi alikuwa anaijua.

Alichukua mkeka, akautandika chini ya mlingoti, akalala chali na kichwa chake katikati ya vile vyuma vitatu. Hivyo ndivyo alivyoupima siku zote. Mlingoti ukiwa umetulia, pembe tatu ya kileleni inaonekana ndogo ndani ya pembe tatu ya chini, pembe kwa pembe. Zamani Kalunde akimkuta hapo aliuliza kama analala au anafanya kazi. Sasa upepo wa Agosti ulikuwa ukisukuma kutoka kusini mashariki, ukiipiga ile antena ubavuni, na kule juu pembe tatu ndogo iligeuka. Iligeuka mkono wa kulia, ikasita, ikarudi, ikageuka tena. Hapo ndipo Hemedi alipokuwa akipotelea.

Kimeu alijua kwamba mlingoti una magonjwa mawili, kuinama na kujisokota, na kwamba dawa ya moja si dawa ya lingine. Stei tatu zilizofungwa sehemu moja huzuia kuinama. Kujisokota hukuzuia kidogo tu, na zikiwa zimekaa ovyo hazikuzuii kabisa. Dawa ya kwanza ilikuwa kuurudisha waya wa tatu kwenye zege yake. Aliinua kichwa akatazama upande ule, akaliona kaburi, akakilaza tena. Akaamua kuanza na dawa ya pili.

Jumanne alikwenda Salama kwa Mutisya, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa na kibanda chake kando ya barabara kuu. Mutisya alimpa tena pole ya Kalunde, Kimeu akaipokea, na wakaingia kazini. Kwa chaki Kimeu alichora juu ya mlango uliokuwa ukisubiri rangi: pete ya pembe tatu ya kuvalisha mlingoti, na kila pembe imetoa mikono miwili mifupi kama pembe za mbuzi. Badala ya waya mmoja kushuka kutoka kila pembe, zingeshuka mbili, moja kutoka kila ncha ya mkono, zikutane chini kwenye kitako kilekile. Mutisya aliuliza kwa nini asimwage tu zege zaidi pale chini, yeye angeona hivyo ni rahisi. Kimeu alimwonyesha baiskeli iliyoegemea ukuta. Alimwambia ashike usukani katikati, kwenye shina, na yeye akauzungusha kwa kidole. Akamwambia sasa ashike ncha zote mbili. Mutisya alishika, Kimeu akasukuma kwa mkono mzima, usukani ukakataa. Mutisya alicheka, akasema kumbe ni kitu ya akili. Zamani jambo kama hilo lingempa Kimeu furaha ya siku mbili.

Alhamisi asubuhi, kabla ya upepo kuamka, alivaa mkanda wake akapanda. Alikuwa na miaka sitini na minne, na Ndila, aliyeshikilia kamba ya kupandishia vyuma huko chini, alimkumbusha umri huo kila alipopiga hatua. Alimwambia kwamba akianguka yeye hatamzika, atamwacha hapohapo aliwe na kunguru. Kimeu alifunga ile pete ya Mutisya, akatundika nyaya sita, akashuka, akakaza za kwanza nne kwa skrubu zake ndefu. Mbili za mwisho zilikuwa za kwenye mukau. Alisimama amezishika mkononi. Kisha alimwita Ndila, akampa ncha zilizokwisha kuandaliwa, akamweleza namna ya kuzipachika kwenye kipete kilichoning'inia kwenye kitanzi cha waya kilichozunguka mti, na kuondoa waya mrefu wa zamani. Ndila alimtazama, akazichukua, akaenda akafanya.

Baadaye alimpakulia muthokoi, akaketi mbele yake, mikono ikiwa imefumbatana.

"Ni tamu?" aliuliza.

Kimeu alisema ni tamu.

"Baba Muindi, hii ni wiki ya pili napika bila chumvi," Ndila alisema. "Nilitaka tu kujua kama uko hapo ndani."

Kimeu alikitazama kijiko. Akaendelea kula.

Ijumaa mchana upepo ulikuja mzima, na vumbi lake, ukapeperusha hata mabati ya banda la kuku. Kimeu alijilaza kwenye mkeka. Pembe tatu ya juu haikuyumba huku na huku kama zamani. Ilifanya jambo baya zaidi. Ilitulia, kisha ikashtuka upande mmoja, ikatulia, ikashtuka. Alilala pale akiangalia mpaka akaelewa. Mukau ulikuwa ukiinama na upepo na kuinuka, na kila ulipoinama ulivuta mkono mmoja wa ile pete kuliko mwenzake. Alikuwa ameupa mlingoti usukani, halafu akaukabidhi mti. Kwa miaka yote ya kazi aliwafundisha wanafunzi wake kwamba stei haifungwi kwenye mti ulio hai hata kwa saa moja, kwa sababu mti unakua, unacheza, haujui kwamba umekabidhiwa kazi. Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Ndila alisimama kando ya kichwa chake, leso ikipepea.

"Si urudishe tu hiyo waya mahali yake," alisema.

Kimeu alisema kwamba wale vijana wa hema siku moja atakutana nao.

"Vijana gani?" Ndila aliuliza.

Kimeu alirudisha macho kileleni. Ndila alikwenda zake akitikisa kichwa.

Jumamosi kulipopambazuka hewa ilikuwa imesimama. Kimeu alichukua spana, kamba nene na brashi ya waya, akazunguka nyumba, akaenda upande wa tangi kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana. Kaburi lilikuwa safi. Saruji yake ilikuwa imeanza kupata ule wekundu wa vumbi la Kasikeu, na jina la Kalunde lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizopanda kidogo kuelekea kulia. Jicho lake liliona kwanza kwamba herufi zimepinda. Hakuhisi kitu kingine. Alipiga brashi kitako cha zege mpaka chuma chake kikang'aa, akafunga kamba kutoka mlingotini hadi hapo, iushikilie wakati wa kuhamisha nyaya, kisha akatembea zile hatua tisa mpaka kwenye mukau.

Mti ulikuwa umenenepa. Gome lilikuwa limeanza kuumeza waya uliouzunguka. Kimeu alichuchumaa apate pa kuingiza spana, na hapo akaona zile klipu, vibanio vya chuma vya kufungia waya.

Zilikuwa tatu. Ziliachana kiganja kimoja kimoja, nati zote zikielekea upande mmoja, upande wa waya unaobeba mzigo, kama inavyotakiwa na kama karibu hakuna anayefanya. Ncha ya waya iliyobaki ilikuwa imekunjwa ndani na kufungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, isije ikamkwaruza mtu. Kijana wa hema hafungi hivyo. Kijana wa hema hupiga fundo akaenda kula. Katika Kasikeu nzima mtu wa kufunga waya hivyo alikuwa mmoja, na ule mpira alianza kuuweka mwaka ambao ncha ya stei ilimchana Kalunde mkono.

Chini ya waya, kati ya chuma na gome, palikuwa na kitambaa kilichokunjwa mara nne, kimewekwa pale ili waya usiukate mti. Kilikuwa kimepauka kwa jua. Alikivuta upande mmoja, kikatoka na kipande cha gome. Ilikuwa tai. Tai yake ya samawati yenye mistari, aliyonunuliwa na Kalunde kwa harusi ya Muindi, aliyoivaa siku ya mazishi na kuitafuta baadaye kabatini, chini ya kitanda, hata kwa dobi, mpaka Muindi akamletea nyingine.

Kimeu aliketi chini palepale. Alijaribu kukumbuka. Alikumbuka kwaya ya kwanza. Alikumbuka soda ya mtoto fulani iliyomwagika kwenye kiti. Kisha alikumbuka watu wakinawa mikono. Katikati hapakuwa na kitu. Mbele ya watu mia tatu alikuwa amevua tai, akashika spana, akafungua stei ya mlingoti wake mwenyewe na kuifunga kwenye mti ulio hai, jambo ambalo angemfukuzia mtu kazi, na hakuwa na hata picha moja ya jambo hilo kichwani. Aliogopa. Lilikuwa jambo la kwanza kuhisi kwa miezi kumi na minne, na hakulifurahia.

Lakini kazi ilikuwa imeanza na mlingoti ulikuwa umeshikiliwa na kamba. Aliinuka akafungua klipu, akahamisha nyaya mbili, akazirudisha kwenye zege. Alikaza skrubu. Halafu akapita kwenye kila jozi ya stei, akautikisa waya kwa kiganja na kuhesabu mara ngapi unacheza katika muda wa pumzi kumi, kwa sababu waya uliokazwa zaidi hucheza haraka zaidi, na zote sita lazima zicheze mwendo mmoja. Alilegeza hapa, akakaza pale. Ilipofika saa saba zilikuwa sawa. Tai aliikunja akaitia mfukoni.

Saa kumi kasorobo upepo ulikuwa umekuja wote. Ndila alikuja, akauliza afanye nini, na Kimeu akamwonyesha mkeka. Alilala chali chini ya mlingoti na leso yake kichwani, mwanamke mzima wa kanisa, akaambiwa atazame ile pembe tatu ndogo na aseme ikigeuka. Kimeu aliacha dirisha wazi, akawasha redio.

Hemedi alikuja kwa wakati. Sauti yake ilikuwa imechakaa, ya mkwaruzo, lakini ilisikika yote, hata pumzi. Alimsalimu, akauliza upepo wa Makueni, akasema kwamba wiki nzima alitafuta maneno makubwa ya kusema leo na yote yaliyomjia yalikuwa ya ndengu. Alieleza habari ya ndengu. Dakika tano zikapita, upepo ukipiga bati, na hakuna neno lililozama.

"Leo hunipotezi, Fundi," Hemedi alisema. "Umerudisha ule waya. Over."

Over ni kumwachia mwenzako zamu, na hapo ndipo Kimeu angesema maneno yake mawili. Alibonyeza kitufe.

"Hemedi. Ni nani alifunga ile waya kwa mti? Over."



"Ni wewe, bwana," Hemedi alisema. "Mimi ndiye nilikushikia spana. Jeneza lilikuwa linatoka nyumbani, na waya uko chini pale. Vijana wakasema si neno, wataliinamisha, wapite. Wewe ukakataa. Ukavua tai. Nikakuambia, Fundi, kwenye mti? Ukaniambia, 'Huyu mama amezunguka hii waya miaka kumi na saba na ndoo kwa kichwa. Leo wacha apite.' Watu wote wakangoja mpaka ukamaliza. Nilidhani unakumbuka. Over."

Kimeu hakubonyeza. Hemedi alingoja, kisha akarudi mwenyewe, taratibu zaidi.

"Sasa nisikilize. Jumatatu watu watanifunga mdomo. Masikio wameniachia, nimewauliza. Mwaka mzima na zaidi nimejaza mimi hewa hii peke yangu, na Mungu anajua mbuzi wangu hawana habari nyingi kiasi hicho. Nimechoka, bwana. Ongea wewe. Over."

"Imetulia," Ndila alisema kutoka kwenye mkeka, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kimeu alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Taya lilikuwa linauma kweli, upande mzima, mpaka sikioni.

"Kalunde amekufa," alisema. "Over."

Nje upepo uliegemea mlingoti kwa nguvu zake zote, na mlingoti ukakaa.

"Nimekupata, asante," Hemedi alisema. "Endelea."

Akaendelea. Alisema juu ya kizingiti cha jikoni na chai iliyokuwa haijachemka. Alisema juu ya ndoo. Sauti ilimkatika mara nyingi, na kila ilipokatika alishikilia kitufe vilevile ili Hemedi asidhani amemaliza, na kule Kyuso mtu aliyekuwa na siku mbili za kuongea alizitumia kwa kunyamaza. Waliagana jua likiwa limeshuka kwenye mparachichi. Hemedi alisema Jumamosi ijayo atakuwa kitandani, ile inayofuata atakuwa kwenye redio, atabonyeza kitufe mara mbili kuonyesha yupo, na kazi ya kusimulia habari zote ni ya Kimeu, za mbuzi pia. Hakusema kwaheri.

Ndila aliingia na majani makavu mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi. Alipasha muthokoi moto, akampakulia, akaanza habari ya kamati ya maji ili Kimeu apate muda wa kufuta uso. Kimeu alikula vijiko viwili, akaweka cha tatu chini.

"Shemeji," alisema, "hii haina chumvi."

Ndila aliinuka, akaingia jikoni kuileta, na alikawia huko muda mrefu kuliko inavyohitaji chumvi.